Plastiki nyeusi zimegeuka kijivu: nipake dawa gani ikae?

Maswali ya wasomaji kuhusu utunzaji wa gari. Anayejibu ni fundi ambaye huu ni mwaka wake wa 14 wa kuosha, kung'arisha na kuandaa magari ya watu.

SWALI

Dada fundi, habari za kazi. Gari langu lina miaka tisa, nami nililinunua mkononi mwa mtu miaka miwili iliyopita. Rangi ya bodi bado nzuri, lakini plastiki nyeusi za nje zimekuwa kijivu kama jivu: bampa la nyuma upande wa chini, matao ya matairi, mikanda ya milango, na ile plastiki ya chini ya kioo cha mbele zinapokaa wipa. Kila Jumamosi nikiosha napaka dawa ya kupuliza yenye povu jeupe. Zinakuwa nyeusi tii na roho yangu inatulia. Ikifika Jumatano zimesharudi kijivu. Mvua ikinyesha ndiyo basi, dawa inachuruzika mpaka kwenye rangi ya mlango na kuacha michirizi. Nimeambiwa kuna dawa za mwaka mmoja, nyingine za miaka miwili, nyingine zimeandikwa kabisa kwamba ni za kudumu. Jirani yangu naye anasema nipake oili chafu tu. Nataka ninunue kitu mara moja nipumzike. Ninunue ipi?

Mchovu wa Jumamosi

JIBU

Kazi ni njema, ndugu yangu, na pole kwa hizo Jumamosi. Kabla sijakutajia dawa, osha hizo plastiki kwa sabuni mpaka dawa ya povu itoke yote, ziache zikauke, halafu chukua kikombe cha maji ukasimame mbele yake. Lowesha sehemu ya ukubwa wa kiganja. Itazame ikiwa bado imelowa: imekuwa nyeusi, au imebaki na ukijivu hata chini ya maji? Fanya hivyo kwa kila sehemu uliyonitajia, kwa sababu kila moja inaweza kukupa jibu lake. Jibu hilo ndilo litakaloamua ununue nini.

Sababu yake ni hii. Plastiki yako haikuchafuka, imeliwa na jua. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inakata minyororo mirefu ya molekuli iliyoko juu kabisa ya plastiki, oksijeni ya hewani inamalizia, na uso uliokuwa mzima unajaa nyufa ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Mwanga ukigonga uso wa namna hiyo unatawanyika ovyo, na macho yetu yanauona mtawanyiko huo kama ukijivu. Umewahi kuokota jiwe la mtoni? Likikauka ni la kijivu, likilowa ni jeusi, na hakuna aliyelipaka rangi. Maji yamejaza vinyweleo vyake na mwanga ukapata njia ya kuingia. Plastiki inayokuwa nyeusi ikilowa bado ina weusi wake ndani. Inachohitaji ni kitu cha kujaza nyufa kama yalivyofanya maji, ila kikauke na kubaki humo. Inayobaki kijivu hata ikilowa imeliwa zaidi, na hiyo itataka kurudishiwa rangi.

Siku ukivua tao la tairi, ligeuze uangalie mgongo wake. Utakuta maandishi madogo yaliyotoka na umbo lenyewe kiwandani, kwa mfano >PP+EPDM-TD20<. PP ni polipropilini, plastiki ile ile ya ndoo na viti. EPDM ni mpira uliochanganywa humo ili kipande kisipasuke kikigongwa kidogo. TD20 maana yake asilimia 20 ni unga wa talki, jiwe laini jeupe linalosagwa na kutiwa humo ili plastiki iwe ngumu. Weusi wenyewe ni masizi yaliyosagwa laini sana, tena kiasi kidogo tu. Nimeshika vipande vya aina hiyo mara nyingi, na huwa nakwangua kwa ukucha upande uliopigwa jua: ukucha unatoka na unga wa kijivu cheupe. Nikikwangua upande wa nyuma ambao jua halikuufikia, ukucha unatoka mtupu. Ule unga ni plastiki iliyokufa, pamoja na talki iliyobaki wazi baada ya kilichokuwa kimeishika kuondoka. Hakuna dawa duniani inayoiunga tena minyororo ile. Tunachoweza kufanya ni kuondoa kilichokufa, kujaza mapengo na kukikinga kilichobaki.

Sasa tuje kwenye dawa. Majina ni mengi na chupa zinavutia, lakini mimi huwa najiuliza jambo moja tu: maji au kiyeyusho kikishakauka, juu ya plastiki kinabaki nini?

Kwenye dawa yako ya povu yanabaki mafuta. Ni mafuta ya silikoni yaliyovurugwa ndani ya maji, na ule weupe ni matone yake madogo sana. Maji yanakwenda zake, mafuta yanabaki, na mafuta hayo hayakauki kamwe. Yamejaza nyufa, ndiyo maana weusi unarudi papo hapo, lakini hayajashika popote. Vumbi linanata juu yake, sabuni inayabeba, mvua inayasukuma mlangoni. Zipo nyingine za jamii hiyo zilizoyeyushwa kwa mafuta ya petroli badala ya maji. Hizo hung'aa zaidi na kunata zaidi, zinavuta vumbi zaidi, na sipendi zigusane na mipira ya milango. Jambo linaloniuma ni kwamba mafuta ya silikoni peke yake hayazuii urujuanimno. Miale inapita katikati yake na kuendelea kuila plastiki huku wewe ukiiona nyeusi na kudhani iko salama. Kama mtengenezaji hakutia kinga ya jua ndani ya chupa, ulichopaka ni weusi tu. Zipo za maji zilizotiwa kinga hiyo, hazing'ai sana wala hazinati, na kwa mtu anayefurahia kupaka kila mwezi ni dawa nzuri. Wewe umeshasema umechoka.

Kundi la pili ni rangi za kurudishia weusi. Unapaka tone dogo, linaingia kwenye vinyweleo na kuacha rangi nyeusi humo. Solution Finish ni mojawapo. Hizi ndizo dawa za ile plastiki inayobaki kijivu hata ikilowa. Zinakaa miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi, na mwonekano wake ni wa plastiki ya kiwandani, bila mng'ao wa kulowa.

Kundi la tatu ndilo unalolitafuta, dawa za seramiki. Ndani yake mna silani, siloksani au polisilazani, vimiminika ambavyo vikikutana na unyevu wa hewani vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwa utando mwembamba mgumu, humo humo ndani ya vinyweleo. Baadhi hutoa harufu ya amonia zinapokauka. Usishtuke, ni polisilazani inageuka, ila fanyia kazi mahali penye hewa. Utando huo si mafuta tena, kwa hiyo sabuni ya kawaida haiubebi. Gtechniq wana C4, CarPro wana DLUX, Cerakote wana vitambaa vilivyokwisha kuloweshwa dawa. Zote zimetengenezwa kwa ajili ya plastiki za nje, na hilo ni muhimu: usichukue seramiki ya rangi ya bodi ukadhani itafanya kazi ile ile, kwa sababu plastiki inapinda na kutanuka kwa joto kuliko bati.

Mimi nilijaribu kwenye gari langu mwenyewe. Niligawa plastiki ya chini ya kioo cha mbele sehemu tatu kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Nilichagua pale kwa sababu panatazama juu mchana kutwa na hapapati kivuli. Kushoto nikapaka povu la silikoni, katikati rangi ya kurudishia weusi, kulia seramiki mikono miwili, yaani tabaka mbili, halafu nikaendelea kuliosha gari kama kawaida. Kushoto mpaka wa tepu ulianza kuonekana baada ya kuosha mara ya pili. Katikati palikaa peusi kwa muda mrefu, ila kufikia mwezi wa saba ukingo wa karibu na kioo ulikuwa umeanza kupauka. Kulia mwaka ulipita pakiwa peusi. Hapo nikajifunza jambo ambalo maandishi ya chupa hayakuniambia: maji yaliacha kukimbia na kufanya matone upande huo miezi kadhaa kabla weusi haujapungua. Kwa hiyo ukiona matone yamelegea usikimbilie kupaka upya. Mara nyingi ni uchafu umeukalia utando, na sabuni nzuri inaurudisha.

Kuhusu ahadi za chupa. Neno "kudumu" lipuuze, kwa sababu plastiki yenyewe haidumu. Alama ya 9H nayo isikubabaishe. Hicho ni kipimo cha kukwaruza utando kwa penseli za ugumu tofauti, 9H ikiwa ndiyo ngumu kuliko zote, na kwenye plastiki laini inayopinda hakikuambii dawa itakaa miezi mingapi. Wapo wanaohesabu kwa kuosha badala ya miezi. Cerakote, kwa mfano, wanaahidi zaidi ya mara 200. Ukiosha kila wiki, 200 ni karibu miaka minne, lakini jua linafanya kazi hata siku ambazo huoshi. Mimi huwaambia wateja wahesabu mwaka mmoja kwa gari linalolala nje. Likipata kivuli, mwaka na nusu hadi miwili si ajabu.

Ukitaka kujua chupa iko kundi gani, mwombe muuzaji karatasi ya usalama wa kemikali au uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Karatasi hizo zina vifungu 16, na cha tatu ndicho kinachotaja viambato vya hatari. Ukiona silani au silazani, uko kwenye dawa inayogeuka kuwa ngumu. Ukiona viyeyusho vya petroli peke yake, na maelezo ya chupa yanasema paka uondoke, hayo karibu kila mara ni mafuta.

Oili chafu hapana. Imebeba masalia ya mwako na vyuma vilivyosagika ndani ya injini, haifai hata kushikwa kwa mikono mitupu. Pia mpira wa EPDM haupatani na mafuta ya petroli. Raba za milango na vioo zinayanywa, zinavimba na kulegea, na hapo umehama kutoka kwenye tatizo la sura hadi kwenye maji kuingia ndani ya gari. Dizeli na mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Jirani yako amekushauri kwa nia njema, lakini tafadhali usifanye.

Na sasa jambo lenye uzito kuliko chupa utakayonunua. Gari la kwanza la mteja nililolipaka seramiki kwenye plastiki liliondoka jioni likiwa zuri sana. Wiki ya pili likarudi. Bampa la nyuma lilikuwa na mabaka meusi na ya kijivu kama ramani, kwa sababu lilikuwa limepakwa silikoni kwa miaka na mimi nililiosha mara moja tu kwa shampuu. Seramiki ilishika pale palipokuwa safi, kwingine ilikaa juu ya mafuta na kuondoka nayo. Kuiondoa ile iliyoshika kulinichukua siku mbili za kusugua kwa krimu yenye chenga, maana kwenye plastiki yenye chembechembe, ile ambayo uso wake si laini, hakuna njia nyepesi. Nilimrudishia fedha zake, na mpaka leo sehemu kubwa ya muda wangu kwenye kazi hii ni ya kusafisha. Kupaka ni dakika chache tu. Wewe una miaka miwili ya Jumamosi kwenye hizo plastiki, tena hujui mwenye gari wa kwanza alikuwa akipaka nini.

Basi liweke gari kivulini mpaka plastiki iwe baridi ukiigusa. Tumia sabuni kali ya kuondoa grisi iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa. Nyingi ni moja kwa kumi kwa kazi kama hii. Sugua kwa brashi ya nailoni yenye nywele ngumu kiasi, ukizungusha, maana chembechembe za plastiki zina mabonde na uchafu unalala mabondeni. Tazama rangi ya povu. Mara ya kwanza litakuwa la kahawia, hilo ni vumbi na mafuta. Mara ya pili au ya tatu litageuka kijivu, na hiyo ni plastiki iliyokufa inaanza kutoka. Usiiache sabuni ikauke, na suuza rangi ya bodi iliyo karibu. Kisha mwaga maji. Kwenye plastiki iliyozeeka, ikishakuwa safi kweli, maji yanatandaa kama shuka. Yakikimbia na kujikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Nimewahi kurudia mara tano kwenye tao moja la tairi.

Halafu subiri ikauke, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vinyweleo vinashika maji, na kwenye viungo vya vipande maji yanajificha na kutoka polepole. Ukipaka seramiki asubuhi tone likashuka kutoka kwenye kiungo dakika kumi baadaye, utapata doa jeupe. Mimi naosha jioni na kupaka kesho yake. Kabla ya kupaka napitisha kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, halafu kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka cheusi au cha kijivu, bado. Kikitoka cheupe, endelea.

Kupaka kwenyewe ni kwepesi. Ziba ukingo wa rangi ya bodi kwa tepu ya karatasi, vaa glavu, weka matone machache kwenye sifongo ndogo iliyofungwa kitambaa laini, fanya sehemu fupi ya urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole. Paka kwa kwenda na kwa kukata. Subiri dakika zilizoandikwa, kisha futa ziada yote kwa kitambaa cha maikrofaiba. Washa tochi ya simu uimulike plastiki kwa ubavu: ukiona sehemu inang'aa kama imelowa, hapo dawa imejaa, futa kabla haijaganda. Mkono wa pili upake baada ya saa moja hivi, kama maelezo yanaruhusu. Lisiguswe na maji kwa saa 24, wala sabuni kwa wiki nzima. Vitambaa ulivyotumia vitupe. Vikikauka vinakuwa vigumu kama msasa, na ukija kuvitumia kwenye rangi utalia.

Kwa gari lako, chupa ya mililita 30 inatosha na huenda ikabaki. Inayobaki usiitegemee sana, kwa sababu unyevu wa hewa ukishaingia, dawa huanza kugandia ndani ya chupa. Futa mdomo wake, ifunge vizuri, na itumie ndani ya miezi michache.

Kwa hiyo ukilowesha na plastiki ikawa nyeusi, nunua seramiki ya plastiki na uanze nayo. Nadhani bampa, matao na mikanda yako viko hapo. Ile ya chini ya kioo cha mbele naihofia. Ikibaki kijivu, ipake rangi ya kurudishia weusi peke yake na ukubali kuirudia mara moja au mbili kwa mwaka. Usiweke seramiki juu ya rangi hiyo isipokuwa watengenezaji wamesema inawezekana, kwa sababu nyingine zina mafuta ndani yake na utapata ramani kama niliyoipata mimi.

SWALI

Fundi, nimeona mtu akipitisha mashine ya hewa ya moto juu ya bampa lililopauka, na weusi ukarudi bila dawa yoyote. Mbona hamtuambii?

Nataka Kujaribu

JIBU

Ulichoona ni cha kweli. Joto linayeyusha uso wa juu, nyufa zinajifunga, mwanga unaacha kutawanyika. Lakini hakuna kinga iliyoongezwa, kwa hiyo jua linaanza kazi siku hiyo hiyo, na baada ya miezi michache utakuwa ulipoanzia ukiwa na plastiki iliyochoka zaidi. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na mashine hizo hutoa hewa ya nyuzi 500 na zaidi. Ukisita mahali pamoja kwa muda mfupi tu, zile chembechembe zinalala na panabaki bapa panapong'aa, na hapo hapana tiba. Rangi ya bodi na raba za karibu nazo hazina uvumilivu huo. Nimeletewa magari mawili yenye mabapa hayo wakitaka niyaondoe, na imenibidi niwaambie wanunue vipande vingine. Kama umekata shauri, vua kipande, anza na upande usioonekana, mkono usisimame, na kikipoa ukisafishe na kukikinga kwa dawa. Ya gesi yenye mwale wa moto usiilete karibu na gari.

SWALI

Nilipaka nta ya kung'arisha rangi, ikagusa mikanda ya plastiki, sasa ina madoa meupe yaliyokauka. Nimesugua kwa sabuni hayatoki. Nimefunika kwa dawa ya kung'arisha plastiki, yanapotea halafu yanarudi.

Mama wa Gari Jeupe

JIBU

Mama, yanarudi kwa sababu hayajatoka. Nta imekaukia ndani ya mabonde ya chembechembe, na dawa ya mafuta inayafunika kwa siku mbili. Jaribu kwanza ufutio mweupe wa penseli wa watoto wa shule: sugua doa taratibu, makombo ya ufutio yanaokota nta na kutoka nayo. Kwa doa dogo sijaona kitu kinachouzidi. Kwa eneo kubwa, pasha kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa ili nta ilainike, mwagia alkoholi ya isopropili, sugua kwa mswaki wa zamani, futa kwa kitambaa kabla haijakauka. Rudia. Siku nyingine bandika tepu ya karatasi kabla ya kugusa nta. Na plastiki iliyopakwa seramiki haishikwi na nta kwa urahisi, doa linafutika tu.

SWALI

Dada, nimepata gari jipya kabisa, plastiki bado nyeusi. Nianze kupaka sasa au nisubiri zipauke? Na zile nguzo nyeusi zinazong'aa kati ya vioo vya milango, nazo nipake dawa hiyo hiyo?

Mwenye Shauku

JIBU

Anza sasa. Plastiki ambayo haijaliwa ndiyo inayofaidi kinga kuliko zote. Ila ujue polipropilini mpya haipendi kushikwa na kitu chochote. Ndiyo maana mafundi rangi hupaka kwanza dawa maalumu ya kushikisha kabla ya kulipaka bampa rangi. Mabaki ya kiwandani na dawa walizopaka ili gari lipendeze nayo yapo juu yake. Osha kwa sabuni ya grisi, futa kwa alkoholi, paka seramiki kwenye sehemu zenye chembechembe, na mkono wa pili usiuruke. Kama hutaki shughuli hiyo, dawa ya maji yenye kinga ya jua kila mwezi itakutosha kwa miaka.

Nguzo zinazong'aa ni jambo lingine. Uso wake ni laini kama rangi ya bodi na unakwaruzika kwa urahisi hata kwa kitambaa chenye vumbi. Usizipitishie brashi wala dawa ya plastiki. Zioshe na uzikinge kwa kile unachotumia kwenye rangi, kwa kitambaa safi kuliko vyote ulivyonavyo.

SWALI

Bampa langu linakwenda kupakwa rangi wiki ijayo. Jana nilipaka silikoni kwenye plastiki zote za nje. Kuna tatizo?

Wa Wiki Ijayo

JIBU

Lipo, na afadhali umeuliza mapema. Chembe ya silikoni ikibaki chini ya rangi mpya, rangi inaikimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki, na kazi yote inarudiwa. Inaweza kusafiri kwa kitambaa, kwa mikono, hata kwa hewa ya kupuliza, ikaharibu gari la mtu mwingine lililo jirani. Osha bampa lote na sehemu zinazolizunguka kwa sabuni ya grisi mara mbili au tatu, usitumie tena vitambaa vya jana, na dawa hiyo usiipulize karibu na gari mpaka rangi ikauke kabisa. Halafu kabla fundi wa rangi hajagusa msasa mwambie wazi kwamba ulipaka silikoni na ulipaka wapi. Akisaga kwanza kabla ya kusafisha, ataisukumia ndani ya mikwaruzo. Akijua, ataanza na kiyeyusho chake cha kuondoa silikoni, atatumia kitambaa kipya kila anapofuta, ndipo ashike msasa.